Kijana wa miaka 14 kapitwa urefu na mdogo wake wa kike, nimpeleke kwa mchoma sindano?

SWALI: Habari dokta. Mwanangu wa kiume katimiza 14 mwezi uliopita, yuko kidato cha kwanza bweni, ana sentimita 149. Mdogo wake wa kike ana miaka 12, kavunja ungo mwezi wa tatu na sasa ana 153, wageni wakija wanamwamkia binti kama ndo mkubwa, kaka mtu ananuna anaingia ndani. Hana kidevu, sauti bado ya kitoto. Mimi nina 158, baba yao 172 na anadai yeye alirefukia kidato cha nne. Jirani kanielekeza kwa mtu anachoma sindano za kukuza vijana. Nimpeleke? Au ni chakula cha shule?

JIBU: Salama mama, pole na hekaheka. Naanza na sindano maana hiyo haisubiri: usimpeleke. Mifupa mirefu ya mtoto ina gegedu (mfupa laini ambao haujakomaa) karibu na ncha zake na urefu wote unatengenezwa hapo, sasa kama kwenye kichupa kuna testosteroni, yaani homoni ya kiume, mwili unachukua sehemu yake unaigeuza kuwa estrojeni (ndio, hiyohiyo ya kina mama, wanaume nao wanayo) na estrojeni ndo inayoligeuza gegedu kuwa mfupa na kufunga hesabu. Kwa hiyo kijana atachomwa, atachupa ndani ya miezi michache, sauti itakuwa nzito, jirani ataleta na wa kwake, halafu anasimama mapema kabisa chini ya urefu ambao angefika mwenyewe bila kuguswa, na ukishafunga haufunguki tena. Hospitali tunaitumia pia lakini ni dozi ndogo ya miezi michache, na tunakuwa tumeshampima.

Haya, turudi kwa hao wawili. Mtoto wa kike anaanza balehe popote kati ya miaka 8 na 13, wa kiume kati ya 9 na 14, na kinachowachanganya wazazi ni kwamba binti anarefuka kwa kasi mwanzoni mwa balehe yake wakati kijana anarefuka katikati kuelekea mwishoni. Binti yako mbio zake keshazimaliza, akishavunja ungo wengi wanaongeza sentimita 5 mpaka 7 hivi basi. Kaka yake bado hajaanza. Tena kabla tu ya balehe mtoto huwa anapunguza mwendo, aliyekuwa anaongeza 5 au 6 kwa mwaka anashuka kidogo, ndo hapo mama anaona kama kasimama, halafu balehe ikishakolea anapiga 9 mpaka 10 kwa mwaka, suruali ya Januari haivaliki Desemba.

Piga hesabu hii wewe mwenyewe: urefu wa baba jumlisha wa mama, kwa kijana ongeza 13, gawa kwa 2. 172 na 158 na 13 ni 343, nusu yake 171 na ushee. Kwa binti unatoa hiyo 13 badala ya kuongeza, inakuja 158 na nusu. Hayo ni makadirio, mtu anaweza kuwa juu au chini kwa sentimita kama 8, ila umeona binti anaelekea palepale anapotakiwa. Kijana 149 kwa miaka 14 yuko chini kweli, katikati ya chati ya Shirika la Afya Duniani ni kama 163, lakini mstari ambao tunasema huyu ni mfupi kupita kiasi uko karibu na 148, kwa hiyo bado yuko ndani, pembeni kabisa lakini ndani. Na hilo neno la baba yake usilidharau, kuchelewa balehe kunakwenda na ukoo, baba akichelewa akaja kufika 172 ni dalili nzuri sana.

Hata hivyo akija likizo umlete hospitali. Kwa nini? Kwa sababu 14 ndo mpaka wenyewe. Dalili ya kwanza ya balehe kwa mvulana ni korodani kuanza kukua, ndevu na sauti ni mambo ya mbele huko, na hiyo dalili ya kwanza mama huwezi kuijua wala huna haja ya kumkagua, kwanza atakukimbia. Daktari ataangalia dakika mbili faraghani, baba akiwepo na kijana akiridhia. Kama imeanza tunasubiri tu. Kama bado, tunampiga eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto tuone umri wa mifupa, maana kijana wa 14 mwenye mifupa ya miaka 12 ana muda mwingi bado wa kurefuka. Tutacheki na damu: wingi wa damu, tezi ya shingo, na selimundu (sikoseli) kama hajawahi kupima, watoto wa selimundu wanachelewa sana balehe. Ila akiwa na kichwa kinachouma mara kwa mara au haoni vizuri, anakonda, anaharisha kila wakati, au mwaka mzima hajafikisha hata sentimita 4, usisubiri likizo.

Njoo na kadi yake ya kliniki na namba zozote za urefu wa zamani hata zile za shuleni, namba moja haisemi kitu, zikiwa tatu nne naona mwendo. Na nyumbani mpime vizuri jamani, wengi wanakosea: bila viatu, visigino na makalio yaguse ukuta, macho mbele, kitabu kigumu kilale juu ya kichwa kikigusa ukuta, weka alama ya penseli kisha upime kutoka sakafuni. Iwe asubuhi kila mara kwa sababu jioni mtu anapungua kama sentimita moja, usije ukamlilia bure. Rudia baada ya miezi 6, sio kila Jumapili.

Chakula cha bweni: ugali maharage sio adui, maharage yana protini na chuma, tatizo ni pale maharage yanapokuwa mchuzi. Akiwa likizo mpe mayai, dagaa, maziwa, na kama hajanywa dawa ya minyoo anywe. Kinachonisumbua zaidi ni kuamshwa saa kumi alfajiri wakati kalala saa tano usiku, homoni ya ukuaji inamwagika kwa wingi kwenye usingizi mzito na umri huu anahitaji saa 8 mpaka 10, ulizia ratiba yao. Na wageni wakija mtambulishe yeye kwanza kama kaka mkubwa kabla hawajakosea.