Umri wa kushona EPZ

Watu huuliza kama mtoto wa miaka 15 anaweza kushona katika kiwanda cha EPZ (eneo maalum la viwanda vinavyouza bidhaa nje) hapa Kenya, mzazi akimsainia. Hapana, saini ya mzazi haimruhusu kukalia cherehani kiwandani. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu, isiyomharibia masomo. Mashine za kiwanda hagusi, ila awe na mkataba wa uanagenzi, yaani wa kujifunza kazi. Na usiku, kuanzia saa 12:30 jioni, ndiyo haruhusiwi kabisa, hata akiwa na miaka 17. EPZ wamesamehewa kodi miaka 10, si sheria hii. Mimi nimeshona Changamwe miaka sita: getini ni kitambulisho kwanza. Ingawa, wacha niseme kweli, wasichana wawili watatu waliingia na vitambulisho vya dada zao.