"Ni" yetu na "ni" za wengine

SWALI: Ofisini kwetu Nairobi tuko watu wa lugha nyingi. Mwenzetu Myoruba anasema "ni" ya kwao ni sawasawa na ya Kiswahili. Mchina hunisalimu "nǐ hǎo". Nyumbani tunasema "nĩ" kwa Kigikuyu. Je, ni neno moja lililosambaa? Na mbona mwanangu alikatwa alama kwa kuandika "ni takuja"? – Msomaji, Kasarani.

JIBU: Si neno moja. Hata katika Kiswahili peke yake si neno moja, na hapo ndipo inafaa tuanzie, kwa sababu aliyekosea "ni takuja" amejikwaa papo hapo ulipojikwaa wewe: ameona umbo akadhani ameona neno.

Kiswahili kina "ni" tano zisizohusiana kikazi. Ya kwanza husimama peke yake: "Mimi ni mwalimu." Hicho ndicho kitenzi kishirikishi kipungufu, nacho hakibebi nafsi wala wakati. Ya pili ni kiambishi cha nafsi ya kwanza umoja, mtenda au mtendwa: nitakuja, ameniita. Ya tatu hukaa mwishoni mwa nomino na kuonyesha mahali: sokoni, garini. Ya nne huonyesha kwamba unaosema nao ni wengi: njooni, someni, kwaherini. Ya tano ni kiulizi chenye maana ya "nini", nacho husikika zaidi Pwani na katika ushairi: wasemani? watakani?

Kosa la mwanao linatoka katika kuchanganya ya kwanza na ya pili. Wengi huwafundisha watoto wajaribu kukanusha, lakini kipimo hicho hakisaidii kitu. "Ni mwalimu" hukanushwa kwa "si mwalimu", na "nitakuja" hukanushwa kwa "sitakuja". Zote mbili zinageuka "si", mtoto anabaki palepale. Mpe kipimo cha wingi. "Mimi ni mwalimu" ikienda wingi inakuwa "sisi ni walimu": ni haikubadilika, kwa hiyo ni neno kamili na huandikwa peke yake. "Nitakuja" ikienda wingi inakuwa "tutakuja": "ni-" imegeuka kuwa "tu-", kwa hiyo ni kiambishi na lazima ishikamane na kitenzi. Kipimo hicho kinaeleza pia kwa nini "Mimi niko mwalimu", tunayoisikia sana hapa mjini, haisimami. Ni- ya "niko" ni ya nafsi (wingi wake ni "tuko"), na -ko ni ya mahali. Ukisema "niko mwalimu" umetaja mwalimu kana kwamba ni mtaa.

Ya mahali nayo ina masharti yake. Haiandamani na majina ya pekee, ndiyo maana hakuna "Nairobini". Haitaki "katika" mbele yake: sema "katika soko" au "sokoni", usiseme "katika sokoni". Na ikishaingia hubadilisha upatanisho wa nomino, hivi kwamba "nyumba yangu" inakuwa "nyumbani kwangu", kamwe si "nyumbani yangu". Nasikitika kuona inavyopungua Nairobi, ambako "niko kwa gari" na "ako kwa duka" zimekalia nafasi ya garini na dukani. Kiambishi kimoja chepesi kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, tena bila utata: "niko kwa daktari" ni kwa mtu, "niko hospitalini" ni mahali.

Sasa twende kwa jamaa. Ukitaka kujua kama maneno mawili yana asili moja, usitazame neno moja lililofanana. Tazama kama kuna mengi yanayofanana kwa utaratibu, katika kazi zilezile. Kizulu kinapita mtihani huo vizuri. "Nendeni" kwao ni hambani, "unataka nini?" ni ufunani?, na "nyumbani", kwa maana ya ndani ya nyumba, ni endlini. Viambishi vitatu, kazi tatu, kila kimoja mahali pake. Huo ni undugu wa Kibantu. Lakini hata ndugu hutofautiana: ni- inayoanza kitenzi cha Kizulu humaanisha ninyi, si mimi. Ninjani? ni "Hamjambo?". Kwa hiyo undugu wa lugha haukupi ruhusa ya kukisia maana.

Kigikuyu kiko karibu zaidi nawe, na ndicho kinachopotosha zaidi hapa Nairobi. "Nĩ" yenu hutumika kama "ni" yetu katika nĩ wega (ni vyema), ingawa sauti si ileile: Kigikuyu kina vokali saba, na ĩ hukaa kati ya i na e, ndiyo sababu msikilizaji wa Pwani husikia kama "ne". Kazi zake pia ni nyingi kuliko zetu. Hukaa mbele ya kitenzi (nĩngwenda, yaani nataka), na humtaja mtenda katika sentensi za kutendwa: kũrĩwa nĩ mũrũthi ni kuliwa na simba. Hapo Kiswahili hutumia "na". Tena, nĩ kĩĩ ũrenda? ni sentensi kamili isiyohitaji kirejeshi (kama -cho- ya "unachotaka"). Ukiihamisha neno kwa neno unapata "Ni nini unataka?", ambayo Nairobi nzima inaielewa, ila Kiswahili sanifu kinadai "Ni nini unachotaka?" au, vyepesi zaidi, "Unataka nini?". Vivyo hivyo "Ni mimi nimesema": andika "Ni mimi niliyesema". Ukiweka "ni" mbele ili kukaza jambo, kitenzi kinachofuata kipe kirejeshi chake.

Kijaluo hakimo katika ukoo huu, kwani ni lugha ya Kiniloti. "Owacho ni obiro" humaanisha "Amesema kwamba anakuja". "Ni" hapo humaanisha "kwamba". Na odni, inayomvuta Mswahili afikirie "nyumbani", maana yake ni "nyumba hii".

Mwenzako Myoruba hakukosea kabisa. "Olùkọ́ ni mí" humaanisha "Mimi ni mwalimu", na "ni" hiyo hufanya kazi kama yetu, ila mpangilio umegeuzwa: mwalimu hutangulia, mimi hufuata. Hata hivyo Kiyoruba ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na ní ya toni ya juu ni neno jingine kabisa: mo ní owó ni "nina pesa", na nílé ni "nyumbani". Kiyoruba na Kiswahili vimo katika familia pana ya Niger-Kongo, lakini silabi moja haitoshi kuthibitisha kwamba "ni" hizi mbili zilitoka tumbo moja.

Kihausa husema "ni" kwa maana ya mimi, na Kiarabu huweka -nī mwishoni mwa kitenzi kwa maana hiyohiyo: sāmiḥnī ni "nisamehe". Kuna wanaodhani Kiswahili kilichukua ni- yake huko. Hapana. Tumekopa kitenzi samehe. Kiambishi ni chetu. Lugha za Kibantu ambazo hazikuguswa sana na Kiarabu zina n- ya nafsi ya kwanza vilevile, na viambishi vya nafsi ni vitu vigumu mno kukopwa. Kihausa na Kiarabu, ambavyo vyote ni vya familia ya Kiafroasia, vina haki zaidi ya kudai ujamaa huo wao kwa wao.

Zilizobaki ni sadfa tupu. Kichina nǐ ni "wewe", kwa toni ya tatu inayoshuka chini. Mbele ya hǎo, ambayo pia ni toni ya tatu, nǐ hutamkwa kwa toni ya pili, inayopanda, na ndiyo unayoisikia ofisini. Ukikosa toni umetaja kitu kingine: ní ya toni ya pili inaweza kuwa "matope". Kifaransa na Kihispania husema "ni" kwa maana ya "wala", Kideni kwa maana ya tisa, Kiswidi kwa maana ya ninyi. Kijapani husema "ni" kwa maana ya mbili, lakini pia huiweka baada ya jina la mahali, hata "Nairobi ni" kwao ni sahihi pale ambapo "Nairobini" kwetu ni kosa.

Sadfa hizi hazina budi kutokea. Sauti n na i zimo karibu katika kila lugha duniani. Kiswahili kina vokali 5 na konsonanti zisizofika 30, kwa hiyo silabi za konsonanti moja na vokali moja hazifiki 150, na kila lugha hutaka silabi zake fupi zifanye kazi ndogondogo za kila saa: mimi, wewe, ni, katika, na. Nafasi chache, kazi nyingi, lugha maelfu.

Jambo moja la mwisho kwa mwanao, kwani litamjia katika mtihani. "Karibuni" ya mlangoni ni ya kuwaalika wengi, nayo ina -ni ya wingi. "Hivi karibuni" ina -ni ya mahali iliyohamia kwenye wakati. Na anapoandika barua kwa kundi, "nawaomba" yaweza kumaanisha ninyi au wao; akiongeza -ni, "nawaombeni", utata unakwisha. Amri zinazoishia kwa -a hugeuza a kuwa e kwanza (soma, someni), lakini zenye asili ya Kiarabu hubaki na vokali yake: jaribuni, sameheni, rudini.