Barua kwa mwanangu: McIntyre asiyeonekana kwenye rejista za Uskoti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Swali lako kuhusu ukoo wa mumeo nimelipata. Unasema cheti cha kifo cha 1868 kinamwita marehemu McIntyre, mzaliwa wa Kirkmichael, lakini ukitafuta ubatizo wake katika ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu rasmi za Uskoti, humpati McIntyre wa umri huo. Wajukuu zangu ni damu ya watu hao, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kabla ya kuhangaika na jina, hakikisha ni Kirkmichael ipi. Iko ya Perthshire, ya Ayrshire, ya Dumfriesshire na ya Banffshire, na kila moja ina rejista zake. Mtafute kwenye sensa ya 1851 au 1861, ambazo hutaja parokia na kaunti aliyozaliwa mtu. Ile ya 1841 huuliza tu kama mtu alizaliwa katika kaunti anamoishi, na umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano iliyo chini yake, hivyo mwenye miaka 44 akaandikwa 40.

Sasa jina. Kabla ya usajili wa serikali kuanza tarehe 1 Januari 1855, aliyeandika ubatizo alikuwa karani wa kanisa, na aliandika alichosikia. Katika Nyanda za Juu za Uskoti watu walizungumza Kigaeli, lugha yao ya asili, na wengi hawakujua kuandika, basi karani ndiye aliyeamua tahajia. McIntyre huyohuyo anaweza kuwa M'Intyre, Macintyre, McAntire au McInteer. Anaweza hata kuwa Wright, kwa sababu jina hilo la Kigaeli maana yake ni mwana wa seremala, na Wright ndilo jina la kazi hiyo kwa Kiingereza. Usiandike jina zima kwenye kisanduku cha kutafutia. Andika M*nt*r*, kisha tafuta Wright peke yake. Kinyota husimama badala ya herufi zozote, alama ya kuuliza badala ya herufi moja.

Ukirudi hadi karne ya 17 utakuta na mwandiko wa kizamani: Quhyte ni White, na z iliyomo katika Menzies na Dalziel ni mabaki ya herufi nyingine kabisa iliyofanana nayo kwa umbo. Wako pia waliobadili jina kwa kulazimishwa. Jina MacGregor lilipigwa marufuku mwaka 1603, na marufuku ya mwisho ikaondolewa 1774. Katikati hapo watu wake walijiita Drummond, Grant, Campbell au Murray. Hata David Livingstone, yule aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, kwa miaka mingi alitia sahihi Livingston, bila e ya mwisho. Kwa hiyo tofauti ya herufi haitoshi kukukatisha tamaa, na kufanana kwa herufi hakutoshi kukuridhisha.

Kinachothibitisha ni jina la mama. Katika kumbukumbu za Uskoti mke huandikwa kwa jina la ukoo aliozaliwa hata baada ya kuolewa, na cheti cha kifo cha kuanzia 1855 hutaja wazazi wote wawili. Basi chukua majina hayo mawili ya wazazi, utafute watoto wote waliobatizwa na jozi hiyo katika parokia moja, kwa tahajia yoyote. Ukipata ndugu watano waliopishana kama miaka miwili, na pengo mahali ambapo McIntyre wako angezaliwa, umekaribia sana. Angalia pia majina ya kwanza, maana Donald aliweza kuandikwa Daniel, Patrick akawa Peter, na Janet akawa Jessie. Desturi ya kumpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba ilikuwepo, lakini ichukue kama dokezo tu.

Tena chunguza kama yupo ndugu yake yeyote aliyepata mtoto mwaka 1855. Hati za kuzaliwa za mwaka huo mmoja zina utajiri ambao haukurudi tena wote kwa pamoja: umri wa wazazi na walikozaliwa, tarehe na mahali pa ndoa yao, na idadi ya watoto waliotangulia. Makarani walielemewa, na 1856 mengi yakaondolewa.

Huenda ubatizo wenyewe haukuandikwa. Rejista kongwe kuliko zote, ya parokia ya Errol, inaanza 1553, lakini parokia nyingi za kaskazini na visiwani zinaanza karne mbili baadaye au zaidi, na zina mapengo. Kati ya 1783 na 1794 kila ubatizo ulioandikwa ulitozwa kodi ya peni tatu, na wengine wakaona bora wasiandikishe. Wengine walikuwa wamejitenga na Kanisa la Uskoti, hasa baada ya mgawanyiko mkubwa wa 1843. Hapo ndipo ufungue kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa: misaada kwa maskini, mashauri ya watoto wa nje ya ndoa, barua za waliohama parokia. Hutapata faharasa ya majina humo, ni kusoma ukurasa baada ya ukurasa.

Ukiona ndoa moja katika parokia mbili kwa tarehe tofauti, usihesabu ndoa mbili. Tangazo la ndoa lilisomwa katika parokia ya bwana harusi na ya bibi harusi, na mara nyingi tarehe iliyoandikwa ni ya tangazo.

Kila ukinakili, andika jina kama lilivyo kwenye hati, usilisahihishe, na weka parokia, kaunti na tarehe pembeni. Kutafuta kwenye faharasa ni bure ila picha ya hati hulipiwa, kwa hiyo hakikisha kwanza wazazi na mwaka kabla ya kununua.

Halafu nitumie picha ya kile cheti cha 1868. Nataka kuona ni nani aliyetoa taarifa kwa msajili. Akiwa mtoto wa marehemu, majina ya wazazi tutayaamini kiasi. Akiwa mkwe au jirani, hasa jina la ukoo la mama tulitafutie ushahidi wa pili, kwenye cheti cha kifo cha ndugu wa marehemu.

Wasalimie wote.

Mama yako