Jibu: Hard disk ya bekapu (nakala ya akiba ya mafaili) nyumbani, kubwa au ndogo?
Mkuu umesema una laptopu ya GB 500, picha za familia na mafaili ya duka, uko Kirumba, Mwanza, na umeme unakatika hovyo. Chukua ile ndogo ya inchi 2.5, TB 1 inakutosha kabisa. Kubwa ya inchi 3.5 inataka adapta yake ya ukutani, sasa umeme ukikata katikati ya kukopi ndo unabaki na mafaili nusunusu, wakati ndogo inakula umeme wa USB tu na laptopu yako ina betri. SSD, ile diski ya chipu tupu isiyo na kinachozunguka ndani, ni nzuri, ila bei iko juu na kwa kitu cha kukaa kabatini sioni haja.

Ukichomeka Windows ikakuonyesha kama GB 931 usishtuke, hiyo ndo TB 1 yenyewe, Windows na watengeneza diski wanahesabu tofauti. Cha kuogopa ni zile za TB 16 za bei ya kutupa, ndani wameweka fleshi ndogo, inapokea mafaili yako yote vizuri kabisa halafu siku unayahitaji hayafunguki. Dai risiti, ukifika nyumbani ipime na H2testw, programu ya kuangalia kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli, hata ikichukua usiku kucha, ndo uanze kuweka vitu vyako.

Na tafadhali sana, ukimaliza kukopi ichomoe, kuna virusi vinafunga mafaili ya kila diski iliyochomekwa. Picha za wazazi tafuta na nakala ya pili ukaiache kwa ndugu, hata Nyegezi huko, maana mwizi akiingia anabeba laptopu na diski kwa pamoja.