Bendera ya Sultani Lamu

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Babu husema Waingereza walitawala Lamu huku bendera nyekundu ya Sultani ikipepea. Iliwezekanaje? (Msomaji, Langoni)

JIBU: Waaleikum salaam. Babu yako kasema kweli. Kwa mkataba wa 14 Desemba 1895, Sultani wa Unguja aliwakodisha Waingereza utawala wa mwambao wa maili 10, toka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Mamlaka kwa jina yalibaki yake, ndipo bendera ikabaki. Hata Kenya ilipofanywa koloni 1920, huku Mwambao tuliendelea kuwa himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza.

Uhuru ulipokaribia, baadhi walidai Mwambao ujitawale. KANU, chama cha Jomo Kenyatta, kilitaka nchi moja. Tarehe 8 Oktoba 1963 Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Unguja, walikubaliana: Sultani aachie mwambao, nayo Kenya ilinde mahakama za kadhi na hati za ardhi. Sharti hilo lisipuuzwe. Kadhi yumo hadi leo, ibara ya 170 ya Katiba ya 2010.