Maswali yenu: Pilau ya walima imeishia jalalani, nifanyeje?

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza swali moja tu humu, nini kimetupwa jikoni kwako wiki hii. Nikadhani nitapata majibu mawili matatu ya nyanya zilizooza, kumbe nimegusa donda. Barua zimekuja nyingi, za Tanga mjini ndo zimezidi, na zingine nimezisoma mara mbili mbili nikakaa kimya. Nimechagua chache, nimezifupisha kidogo.

Shikamoo shangazi. Mimi mama wa watoto wanne, naishi Makorora. Mwezi wa nane tulimuozesha binti yetu, tukaalika watu 200, tukapika gunia zima la mchele kilo 50 na mbuzi wanne. Usiku naingia uani nakuta sufuria moja haijaguswa kabisa, nyingine iko nusu. Majirani wameshagawiwa, mawifi wamefungasha, bado ipo tu. Asubuhi imeshachacha, tukampa kijana wa mkokoteni akatupe. Nimelia shangazi. Na mwakani naoza mtoto wa kiume, mawifi wameshaanza kusema tusije tukawatia aibu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na pole, kilio chako nakielewa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kilo 50 kwa watu 200 ni robo kilo ya mchele mkavu kwa kila kichwa, na hapo umehesabu mpaka watoto wanaobebwa. Robo kilo ikishaiva inakaribia robo tatu ya kilo kwenye sahani, na bado kuna nyama, kuna ndizi, kuna kachumbari, kuna soda. Nani anamaliza hiyo? Kwenye shughuli yenye nyama na vikorokoro vingine kilo moja ya mchele inashibisha watu saba mpaka wanane, kwahiyo watu 200 ni kama kilo 27, weka na wazamiaji maana hawakosekani, kilo 30 inatosha na watu wanakula wanashiba. Hizo kilo 20 za juu uliwapikia mawifi, wala sio matumbo yao, midomo yao.

Na sikulaumu, manake midomo ipo kweli. Mtaani kwetu nyumba ikiishiwa chakula kwenye shughuli inasemwa miaka kumi, "walima wa fulani ule, watu tulirudi na njaa", mpaka watoto wanakuja kuambiwa. Lakini hukuwahi kusikia mtu anasemwa kwa kutupa. Chakula kinatupwa alfajiri watu wamelala, mwenye shughuli anajua, kijana wa mkokoteni anajua, basi. Sasa kama aibu iko upande mmoja tu kila mtu atapika azidishe, mimi naona ugonjwa wetu uko hapo hasa.

Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Jumatatu moja nakwenda zangu Mgandini asubuhi mapema kabla ya jua, nikapita kwenye jalala, pilau rundo limemwagwa, bado linanukia bizari na hiliki, viazi vizima vimo, na kunguru wamelifunika mpaka chakula chenyewe hukioni. Pembeni kuna mtoto wa kama miaka tisa hivi kashika kiroba, anawafukuza kunguru kwa kijiti, anachagua nyama. Sikuweza hata kumuuliza jina. Hao kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, leo wamejaa pwani nzima, na wanaongezeka kwasababu sisi tunawapikia.

Halafu kuna maji. Kilo moja ya mchele mpaka ifike dukani inakadiriwa imekunywa lita 2,500 hivi za maji shambani. Kilo zako 20 ni lita 50,000, yaani matangi kumi ya lita 5,000, na mkulima wa mpunga wa Mombo aliyekesha akilinda mfereji wake asiibiwe maji hajui kama mchele wake umeishia kwa kunguru.

Wazee wetu walikuwa wanapima. Bibi yangu alikuwa na kibaba chake cha bati, vibaba vinne pishi moja, na hapo zamani kibaba cha nafaka ndo ilikuwa posho ya mtu kwa siku nzima. Akija mgeni anaongeza, mgeni akiondoka anapunguza, na ukoko unakwanguliwa tunagombania sisi wajukuu. Hakuwa mchoyo yule mama, nyumba yake haikukosa mtu wa kula.

Kwa harusi ya kijana wako fanya hivi. Kwanza hesabu watu sio kadi, piga simu wiki moja kabla, uliza mnakuja wangapi, usione haya. Pili rudisha sinia. Watu watano wakikaa kwenye sinia moja, likipungua unaletewa nyongeza, kinachobaki kinabaki safi kwenye sufuria na unaweza kukigawa. Siku hizi tunafungia kila mtu boksi lake, mtoto wa miaka minne anapewa sawa na baba yake, anadonoa nyama, boksi linatupwa na chakula ndani. Tatu, majirani wapelekewe chakula saa moja jioni bado kina moto, usingoje usiku wa manane ukaanza kuwaamsha watu. La nne na kubwa kuliko yote lipo kwenye barua ya mwisho hapo chini, ya mpishi, isome usiiruke.

Habari shangazi, mimi kijana napanga chumba Chumbageni, friji sina. Napika wali wa nazi usiku, unaobaki naula asubuhi na chai, nimekula mwiku tangu utotoni. Mwenzangu kaniambia utaniua, nimeanza kuutupa na roho inaniuma. Nani mkweli?

Mdogo wangu, wote wakweli, na hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu sitaki mtu aache kutupa akaumwa.

Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anakaa kwenye mchele tangu shambani. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Wali ukishaiva ukaachwa uvuguvugu zinaamka, zinazaliana, zinatoa sumu, na hiyo sumu hata ukipasha mpaka wali unatoa moshi haiondoki. Haina harufu wala rangi, kwahiyo usiseme nitanusa kwanza. Inaleta kutapika na kuharisha. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kiwe cha moto kweli, juu ya digrii 60, au baridi kweli, chini ya digrii 5, huko katikati kisizidi masaa mawili. Na joto la Tanga la mwezi wa pili unalijua, hata usiku mtu analala nje, sufuria inakaa hapo katikati usiku mzima. Wali wenyewe wa nazi, ndo unachacha haraka zaidi.

Kwahiyo uliolala usiule, ila dawa sio kuutupa kila asubuhi, dawa ni usiku usipike wa kubaki. Nusu kikombe cha chai cha mchele mkavu kinamtosha mtu mmoja, kidogo zaidi kama umetoka kubeba mizigo. Ukizidi mpe jirani usiku ule ule, vyumba vya kupanga hakukosekani mtu hajapika. Ukitaka kitu cha chai asubuhi chapati inalala vizuri kuliko wali.

Wenye friji na nyie msijione mmepona. Usiingize sufuria ya moto imefunikwa, katikati inakaa na joto masaa. Tandaza wali kwenye sinia upoe haraka, uweke kwenye bakuli ndogo, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, kesho yake umalize. Na umeme ukikatika usiku kucha wali huo usiuonee huruma.

Shangazi, nyie wa mjini mnalaumiana kwa sahani za pilau, huku kwetu Muheza msimu wa machungwa ukikolea yanaoza chini ya miti, dalali anakupa bei ya kukutukana, unaona bora uyaache. Hiyo mbona hamuiandiki?

Kaka, una haki na nakiri tumewasahau. Hivi ni vitu viwili tofauti. Kuna chakula kinachopotea kabla hakijafika dukani, shambani, ghalani, njiani kwenye lori, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema ni kama asilimia 13 ya chakula chote duniani. Halafu kuna kinachofika kabisa kwa mlaji na bado kikatupwa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 kilitupwa asilimia 19 ya chakula kilichofika madukani, mahotelini na majumbani, tani bilioni 1.05, na asilimia 60 yake imetoka majumbani, ndani ya hesabu hiyo yamo maganda na mifupa. Mwaka huo huo watu kati ya milioni 691 na milioni 783 walikuwa na njaa.

Na wale mliouliza kama si wazungu peke yao wanaotupa, majibu yamo humo humo. Kwa wastani kila mtu duniani anatupa nyumbani kilo 79 kwa mwaka, na ukiweka pamoja nchi tajiri, za kati na zile za kipato cha kati cha chini kama yetu, tofauti haifiki hata kilo kumi, ni kilo 7 tu. Mi nilivyosoma hapo nilishtuka.

Kwako wewe, matatizo ni kwamba wote mnavuna wiki moja na chungwa halisubiri. Ukilitikisa likaanguka linavilia ndani, ganda zima lakini siku ya tatu limeoza na linaoza na wenzake kwenye gunia, kwahiyo bora kuchuma kwa mkono au mkasi, libaki na kikonyo, likae kivulini, lisafiri kwenye kreti sio kiroba kinachokaliwa na watu juu. Na bei mkiongea mkiwa kikundi kabla maua hayajageuka chungwa, dalali anakuja na heshima. Najua hiyo ni rahisi kuandika kuliko kufanya. Lakini wewe unapoteza kwasababu soko limekunyima, na sisi tunatupa kitu tumekilipia, siwezi kuwaweka kapu moja.

Shangazi, tulikwenda semina hotelini, chakula bufee, rafiki yangu kajaza sahani mlima kaacha nusu. Mimi nikaomba wanifungie changu kilichobaki wakanicheka meza nzima. Nilikosea?

Hukukosea hata kidogo mwanangu. Umelipiwa, hujakishika na mikono, chukua. Korea Kusini tangu 2013 watu wanalipia mabaki ya chakula kwa uzito au ujazo, ukitupa kingi unalipa kingi, na Ufaransa tangu 2016 maduka makubwa hayaruhusiwi kuharibu chakula kizima kisichouzika. Siku nyingine kwenye bufee anza na sahani ndogo, unarudi mara ya pili hakuna anayekukataza.

Dada, mimi mpishi wa shughuli, Msambweni, kazi hii naifanya miaka mingi. Nawaambia kilo 30 zinatosha, wanasema weka 50, nikibisha wanamchukua mwingine. Na chakula kikipungua anayelaumiwa mimi. Nifanyeje?

Kaka yangu, nakuheshimu kwa kuandika. Usibishane nao, wanaogopa na mtu mwenye hofu humshindi kwa hesabu. Waambie wanunue hizo 50 kama roho zao zinataka, ila wewe unaanza na 25. Nyama yote ichemshe mapema, maana nyama ndo inachelewesha, supu ya akiba ikae kwenye mafiga inapata moto mdogo, vitunguu viwe vimeshakaangwa pembeni. Sufuria ya kwanza ikifika nusu na watu bado wanaingia, osha mchele mimina, chini ya saa moja pilau ya pili ipo, na wageni hawajui hata kama kulikuwa na mashaka. Wasipoingia, hujamimina kitu. Mchele mkavu hauchachi, kesho yake wanapimiana kilo kilo, wengine wanapeleka madrasa, wengine kwa bibi harusi akaanzie maisha. Supu inayobaki igawe usiku ule ule.

Hilo gunia lililobaki usilifiche ndani. Liweke pale uani karibu na mafiga, mawifi wakipita waligonge na mguu.