Shangazi, nichape fulana hii?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina karakana ndogo ya kuchapa fulana hapa Houston. Mteja kaniletea mchoro wa mahabusu wa uhamiaji mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa, anakimbizwa na mamba, macho yamemtoka. Anasema ni kejeli dhidi ya kizuizi cha wahamiaji cha Florida. Mume wangu anasema tuchape, ni kazi kama kazi nyingine. Mimi moyo unasita, tena naishi hapa kwa kadi ya ukaazi. – Mama wa fulana

JIBU: Marahaba mwanangu. Mchoro huo usiuchape kama ulivyo.

Mteja wako huenda ana nia njema, lakini nia haivaliwi kifuani. Mpita njia ataona mtu anayekaribia kuliwa, atacheka. Na utani huo una wenyewe: kizuizi kile kilipofunguliwa Julai 2025 kwenye vinamasi vya Everglades, chama cha Republican cha Florida kiliuza fulana na kofia za "Alligator Alcatraz", jina la kizuizi hicho: "alligator" ni mamba, na Alcatraz ni gereza la zamani la kisiwani. Mamba ndio waliokuwa kichekesho. Fulana yako ikitundikwa kando ya zao, nani atajua ipi inapinga? Hata mwaka 2009 maduka ya Target yalilazimika kuondoa vazi la Halloween, ovaroli ya chungwa na kinyago cha kiumbe wa sayari nyingine, baada ya watetezi wa wahamiaji kulalamika. Kwa Kiingereza neno "alien" ni mgeni na pia kiumbe wa sayari nyingine, kwa hiyo aliyechekwa pale ni mhamiaji.

Kejeli imchome mwenye ufunguo. Juni 2018, zaidi ya watoto 2,000 wakiwa wametenganishwa na wazazi wao mpakani, Melania Trump alipanda ndege kwenda kuwaona watoto Texas akiwa na koti lililoandikwa kwamba yeye kwa kweli hajali. Wildfang, watengeneza nguo wa Portland, waliyageuza maneno yaleyale yaseme "mimi najali", na mapato wakayapeleka RAICES, shirika la hapo Texas linalowatetea wahamiaji kisheria. Hakuna mtoto aliyechorwa. Hiyo naipenda sana.

Kuhusu woga wako, una haki nao. Mahakama Kuu ya Marekani ilimlinda mwaka 1971 mtu aliyeingia mahakamani Los Angeles na jaketi lenye tusi dhidi ya uandikishaji wa jeshi. Lakini Machi 2025 Mahmoud Khalil, mwenye kadi ya ukaazi kama wewe, alikamatwa kwa sababu ya harakati zake za kuwatetea Wapalestina, akawekwa kizuizini Louisiana zaidi ya miezi mitatu. Kabla hujaweka jina la karakana yako kwenye kazi ya namna hii, muone wakili wa uhamiaji. Mume wako naye aende, asikie mwenyewe.

Mteja mwambie amtoe yule mahabusu, amchore mwanasiasa anayeuza kofia mlangoni pa gereza. Kisha mwonyesheni mchoro mtu ambaye ndugu yake yumo ndani. Akiukunjia uso, rudini mezani. Mteja akikataa, mrudishie malipo yake ya awali.